Vifaranga Wasiosikia Kijiko

"Hivi samaki naye ana masikio?" Bu Jumiati alimuuliza jirani yake, Bu Tukinem, siku moja wakimenya vitunguu. Bu Tukinem akacheka tu, maana hata yeye hakuwa anajua. Sasa alikuwa anajua, na saa sita mchana ilikuwa inakuja mbio.

Tangu mumewe atangulie mbele ya haki, alikuwa akilisha samaki na kuosha vyombo katika maabara ya chuo pale Yogyakarta, Indonesia, ambako kila mama huitwa Bu na kila baba Pak. Asubuhi hiyo alimkuta Wening, binti mtafiti, amejiinamia. Miaka miwili binti huyo alikuwa akizalisha visamaki vya mistari, jozi kwa jozi, akitafuta ukoo mmoja tu wenye jeni mbovu ya sikio. Hakuupata. Profesa Hardono, mkuu wa maabara, akatoa amri: saa sita rafu zote ziwe tupu, chumba wanapewa wengine.

"Anza kumwaga sahani ya saba, Bu," alisema Wening, sauti imejaa kilio. "Vifaranga wake wamelala chini. Wagonjwa tu."

Bu Tukinem hakuigusa. "Si wagonjwa, mwanangu. Hawasikii."

"Umejuaje?"

Bu Tukinem akatupia jicho ukutani. Palibandikwa karatasi: MARUFUKU KUGONGA VYOMBO. Lakini kijijini kwao samaki wa bwawani huitwa kwa kugonga ndoo kabla ya chakula, na mkono uliozoea hausomi karatasi.

"Nagonga," alisema. "Kwa kijiko, kidogo tu. Nikishasema bismillahi nikagonga, wote hushtuka. Ila sahani ya saba wapo wasioshtuka. Siku tatu nawahesabu kwa tasbihi. Wote arobaini na wanane, wasioshtuka kumi na wawili. Juzi kumi na wawili, jana kumi na wawili, leo hivyo hivyo."

Wening aliruka, kiti kikaanguka. "Robo! Bu, robo kamili!"

"Robo ya nini? Mbona unanipigia kelele kama muuza tempe, ile mikate ya soya, sokoni?"

"Baba ana jeni moja nzima na moja mbovu, mama vilevile! Atakayerithi mbovu zote mbili ni mmoja kati ya wanne!"

Akamwambia agonge, akamvuta kwa mrija kifaranga aliyeshtuka, akamweka chini ya hadubini. Bu Tukinem akachungulia. Ndani ya sikio mlikuwa na vijiwe viwili, kama chembe za chumvi.

"Subhanallah! Kabeba changarawe kichwani!"

"Ndizo zinazomsaidia kusikia na kukaa wima. Haya, mtazame huyu asiyeshtuka."

Sikio lilikuwepo, duara safi. Ndani, hamna kitu.

"Mwingine! Leta mwingine!" Bu Tukinem naye alikuwa anapiga kelele sasa. Wa pili, hamna. Wa tatu, hamna. Wakashikana mikono wakarukaruka, mjane mzima wa miaka hamsini na nane, kandambili moja ikaruka mpaka chini ya meza.

Mlango ukafunguliwa. Profesa Hardono aliingia na vibarua wawili wa kubeba rafu.

"Kuna harusi humu?"

Wening alimwonyesha hadubini. Profesa akainama. Akabadilisha kifaranga kwa mkono wake, akainama tena, kwa muda mrefu.

"Nani kawaona?"

"Mimi, Pak," alisema Bu Tukinem, akijikaza. "Niligonga. Kosa ni langu, wala simsingizii mtu. Lakini hawa msiwamwage."

Profesa alimtazama. Kisha akawageukia vibarua, akawaashiria mlango, akatoka nyuma yao, rafu zikabaki palepale.