Ukurasa wa Ng'ombe

Tangu Jumatatu Mwalimu Mwahija alikuwa hakai. Akiketi mezani apange fomu zake, mara kainuka kwenda dirishani. Akifika dirishani, hakumbuki alichofuata. Mama yake, ambaye nyumba yake ya Ngokolo ilikuwa na vyumba viwili tu vya kuzungukia, alimwambia atoke nje akatembee, maana alikuwa anamtia kizunguzungu.

Miaka miwili nyuma, Wizara ilikuwa imemtoa darasani ikampeleka Chuo Kikuu kusomea shahada ya uzamili ya elimu maalumu. Mtaa mzima ulijua, mpaka muuza mkaa. Sasa, mwaka themanini na sita, alikuwa amerudi Shinyanga kwa utafiti wake: kupima akili za watoto arobaini wa darasa la pili waliobaki nyuma ya wenzao, kisha aandike nani aendelee na shule yake na nani apelekwe shule ya watoto taahira, mkoa wa mbali. Taahira ndilo neno tulilotumia siku zile, na hakuna aliyeona haya kulitumia.

Arobaini wote alishawapima. Barua ya kwanza ilikuwa imeshagongwa muhuri. Ilimhusu Mageni, binti wa miaka minane kutoka kijiji kimoja nyuma ya Ibadakuli, na gari la serikali lingemchukua Ijumaa.

Kilichomnyima Mwahija raha ni kwamba kurasa nne za mwanzo Mageni alizifanya vizuri kabisa. Ukurasa wa tano ulikuwa na picha ya ng'ombe tisa malishoni, na mtoto alitakiwa awanyooshee kidole mmoja mmoja na kuwahesabu kwa sauti. Mageni alificha mikono nyuma ya mgongo akasema, "Nduhu." Mwahija ni mtoto wa mjini, babu zake walikuja huku na biashara kutoka pwani, na Kisukuma chake ni cha kununulia nyanya. Nduhu alilijua: hakuna. Ng'ombe wamejaa ukurasa mzima, mtoto anasema hakuna. Akaandika sifuri, na kwa kanuni za kipimo kile sifuri ya ukurasa wa tano ilimshusha mtoto chini ya mstari hata angefanya maajabu kwingine.

Na tusisahau jambo moja. Kipimo chenyewe kilitoka Ulaya, na kule ukurasa wa tano ulikuwa wa matofaa. Ni Mwahija aliyetoa wazo matofaa yaondolewe, wawekwe ng'ombe, ili mtoto wa Kisukuma aone kitu cha kwao. Daktari Akida, mwalimu wake wa Chuo Kikuu, alimsifu mbele ya darasa zima, naye alitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Jumatano alishindwa kuvumilia. Akapanda baiskeli mpaka nyumbani kwa akina Mageni, akijidanganya kwamba anakwenda kumweleza mama wa mtoto habari za blanketi na nguo za safari. Esta, mama yake Mageni, alimpokea kwa adabu zote, akampa kigoda na maziwa mgando, akamsikiliza habari za blanketi bila kuuliza swali hata moja. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kulia na kumaliza.

Jioni hiyo ng'ombe walirudi. Mageni alikwenda kusimama mlangoni pa zizi, midomo imefumbwa, akiwatazama wakiingia kwa kusukumana katika vumbi. Wa mwisho alipoingia, alimgeukia baba yake, Bujiku, akamwambia maneno machache kwa Kisukuma. Bujiku akachukua fimbo yake na kurudi njia ya bwawani. Mwahija akauliza kuna nini. Esta akamwambia mwekundu mwenye sikio lililokatwa hayumo.

Mwahija akauliza ng'ombe wote ni wangapi. Esta akainama, akawa kama anatafuta kitu chini.

"Unisamehe, mwalimu. Hapa kwetu ng'ombe hatuwahesabu kwa mdomo, wala hatuwanyooshei kidole. Ukiwahesabu unawapunguza. Tunawatazama tu, tunajua nani hayupo."

"Mbona Mageni aliniambia nduhu?"

"Alikuwa anakukatalia. Hakuna kuhesabu. Angekwambiaje tena, na wewe ni mwalimu?"

Mwahija alirudi mjini akikanyaga baiskeli kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu ya nafsi yake.

Alhamisi Daktari Akida alishuka kwenye ndege kuja kukagua kazi yake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kanuni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba barua iliyogongwa muhuri haifutwi kwa hadithi ya zizini. Itafutwa mtoto akipimwa upya, kwa kipimo kilekile, mbele ya macho yake. Ukurasa ukibadilishwa kwa mtoto mmoja, matokeo ya wote arobaini yanaharibika, na yakiharibika hakuna tasnifu, na asiye na tasnifu anarudishwa kufundisha alikotoka. Aliyasema hayo kwa upole, na ndiyo maana yaliuma zaidi.

Mwahija angeweza kujibu pale pale kwamba na yaharibike. Badala yake alikwenda kumwambia Esta kwamba mtoto akihesabu atabaki nyumbani. Esta akasema atazungumza naye.

Ijumaa asubuhi gari lilikuwa nje ya darasa, dereva akifuta kioo. Ndani, Daktari Akida alishika saa, Esta akaketi nyuma kwenye dawati la watoto, na Mwahija akafungua ukurasa wa tano. Mageni alimtazama mama yake. Kisha akatoa mkono mgongoni, akanyoosha kidole, akaanza kwa Kiswahili safi cha darasani: moja, mbili, tatu. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikukosea. Alipofika tisa akaurudisha mkono haraka, na machozi yakaanza kumtoka.

Daktari Akida alibonyeza saa akatabasamu. Alisema barua imefutika, gari liende zake. Mwahija alisubiri ile furaha aliyoitafuta wiki nzima, haikuja.

Mageni akamuuliza, "Mwalimu, sasa atakufa yupi?"

Daktari alicheka kidogo, akamwambia hao ni ng'ombe wa kwenye karatasi. Mtoto hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Mwahija, maana ndiye aliyemfungulia ukurasa.

Mwahija akavuta rundo la fomu. Alijua alichokuwa anatafuta, na aliogopa kukipata. Akapekua moja baada ya nyingine, akitenga zile ambazo kwenye ukurasa wa tano yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameandika neno lile la nduhu na sifuri pembeni. Zilifika kumi na moja, ukiacha ya Mageni. Watoto kumi na mmoja, barua zao zikingoja muhuri.

Akachukua kalamu, akapiga mstari kuufuta ukurasa wa tano kwenye fomu ya kwanza, akaenda ya pili. Daktari Akida alisimama, akamuuliza kama anajua anachofanya, kama anajua ni miaka miwili anaifuta. Mwahija alisema anajua, na mkono haukusimama.

Akamgeukia Mageni.

"Hatakufa hata mmoja wa kwenu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuhesabisha. Hasara ni yangu."

Mageni alifuta machozi kwa kiganja, akamwangalia kwa makini, kama alivyowaangalia wale ng'ombe mlangoni pa zizi, akitaka kujua kama ni kweli.