Kifungo cha Shati la Kijani

Mpya? Nani kakuambia ile cherehani ni mpya, mjukuu wangu? Kaa hapa nikueleze, maana mama yako hatakueleza.

Mimi si unajua natengeneza cherehani kuukuu, hizi zinazokuja na makontena. Mama yako alipopata kazi ya kushona sare za shule nikamwambia, mwanangu, chukua moja hapa kwangu. Akakunja pua. "Baba, mteja akiona kutu atakimbia. Nataka ya dukani."

Akaileta kwenye boksi, inang'aa, ina stika ya dhahabu. Akaipandisha kwenye meza ya kulia, maana nyingine hatuna.

Sasa, siku sare zinatakiwa, kumi bado, cherehani ikaanza kutafuna uzi. Anashona, unakatika. Anatunga, unakatika. Wakimnyang'anya ile kazi ndiyo basi tena. Mimi nikachukua bisibisi.

"Usiiguse, Baba! Ina waranti!"

"Waranti itakushonea?"

Nikafungua pale panapokaza uzi. Mle ndani, mahali pa washa, kile kipete chembamba cha chuma, unajua kuna nini? Kifungo cha shati. Cha kijani, matundu manne. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Maana mimi nikikosa washa naweka kifungo. Hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo, wananicheka sana. Na kile nilikikata kwenye shati langu mwenyewe. Bibi yako akatoka jikoni na mwiko, akakitazama. "Kumbe! Mimi miaka yote vifungo vikipotea nalaumu sabuni!"

Yule mwenye duka aliyemuuzia mama yako, mashine ananunua kwangu. Nilidhani anaziuza kama nilivyomuuzia. Kumbe anapiga rangi, anabandika jina la watu.

Mama yako akasimama. "Nairudisha sasa hivi!"

"Tulia. Rangi ndiyo ya uongo, mashine ni ya kweli, nimeitengeneza kwa mikono hii. Wameharibu kidogo tu, wamekaza skrubu kupita kiasi. Kesho tutaenda wote dukani, na huyo bwana atanisikia vizuri. Leo shona."

Nikalegeza skrubu robo mzunguko, nikatia tone moja la mafuta. Akapitisha kitambaa huku kaninunia. Ikaenda, bwana wee, inateleza tu! Ukosi, mikono, mifuko. Jua halijazama, sare zote kumi zimekunjwa, na mtu wa shule kaja kuzichukua, kaagiza nyingine.

Mama yako akaibandua ile stika kwa kucha, polepole, isichanike. Nikadhani anaitupa. Akanibandika nayo kwenye paji la uso. "Haya. Orijino ni huyu hapa."

"Basi huyo orijino aondoe mashine yake mezani," bibi yako akasema, "chakula kinapoa."

Tukaishusha chini, mimi na mama yako, kila mtu upande wake. Bibi yako akafuta meza, akaokota vipande vya uzi, akaweka sahani. Tukakaa, tukala, na stika yangu usoni.