Kukataa kwa Haji Muqbil

Kwetu sisi Wayemeni wa Dearborn, huku Marekani, mtu anayetaka uongozi hukataa. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumpa cheo mtu aliyekiomba. Ni mafundisho mazuri na mimi nayaamini. Ila wanaume wetu wameyageuza kuwa mchezo. Anayetamani uenyekiti wa shura, baraza la msikiti, hukaa kimya, rafiki yake akalitaja jina lake, naye akakataa. Hutajwa tena, akakataa tena, safari hii kichwa kimeinama. Mara ya tatu hulia. Ndipo anakubali, "kwa ajili yenu tu, ndugu zangu," na watu wakashusha pumzi, chai ya maziwa ikamiminwa.

Haji Muqbil ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa amekataa katika chaguzi tatu mfululizo, na kwa kukataa huko akakalia uenyekiti miaka tisa. Mkewe alisema hujizoeza mbele ya kioo cha bafuni. Mimi simsengenyi mtu. Mkewe aliyasema hayo harusini, kwa sauti, na muziki ulikuwa umezimwa.

Sikuwa na ugomvi na machozi yake. Ugomvi wangu ulikuwa mlango.

Msikiti wetu una mlango mkubwa wa wanaume, uko sawasawa na barabara, unaingia tu kama unaingia sokoni. Wanawake tunazunguka nyuma, tunashuka ngazi kumi na nne za nje hadi chini ya ardhi, tunavua viatu, halafu tunapanda ngazi kumi na sita za ndani hadi nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka pale wanaume walipoingilia. Nani aliyechora jengo lile sijui, lakini naamini hakuwa na mama.

Na mlango wa ubavuni upo! Unatoka barabarani moja kwa moja hadi nyuma ya pazia letu, bila ngazi hata moja. Lakini miaka sita iliyopita Haji Muqbil aliweka mbele yake kabati la vioo, na ndani ya kabati akapanga ngao zake za shukrani: kutoka kwa meya, kutoka kwa shule, kutoka kwa chama cha wauza petroli. Tulipoomba liondolewe, alisema shura italitazama. Nadhani walilitazama kweli, maana lilikuwa linang'aa.

Jirani yangu Hajja Taqiyya ana miaka themanini na moja na magoti yake yamechoka. Nilipomzaa Nashwan, nikiwa bado mgeni katika nchi hii na sijui hata kuwasha jiko la umeme, Taqiyya aliniletea asida, ugali wetu wa ngano, na mchuzi kila siku kwa siku arobaini, akivuka barabara kwenye theluji na sufuria kichwani. Sasa ngazi zile zenye barafu zimemshinda. Majira mawili ya baridi hajaswali msikitini. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki mbili, na aliniambia jambo moja tu: "Mama Nashwan, nataka kuswali tarawehe mara moja tena kabla sijafa. Si kwa redio. Nataka nisikie watu wakikohoa."

Basi siku ya mkutano wa kumchagua mwenyekiti, Jumapili baada ya adhuhuri, nilimwambia avae koti akae garini na mkwewe, mbele ya ule mlango wa ubavuni, injini ikiwaka.

"Utafanya nini?" akaniuliza.

"Sijui bado. Lakini usizime hita."

Nyuma ya pazia tulikuwa wanawake kama thelathini. Imamu wetu, kijana mpole mwenye sauti nzuri, alifungua kwa dua, akakumbusha kwamba uongozi ni amana na kila mchunga ataulizwa kuhusu alichokichunga. Kisha Ghalib, mwenye duka la simu na rafiki mkubwa wa Haji, akainuka.

"Mimi namtaja Haji Muqbil," akasema. "Hakuna mwingine."

Haji akasimama taratibu. Nilimwona kupitia tundu la pazia, akiwa ameshaishika leso. "Ndugu zangu," akasema, "sistahili. Wallahi mzigo huu umenizidi. Mtafuteni aliye bora kuliko mimi."

Ghalib alikuwa anafungua kinywa kumtaja mara ya pili. Nikanyakua kipaza sauti kilichobaki upande wetu baada ya mashindano ya watoto, kile chenye stika ya kipepeo.

"Tumekubali," nikasema.

Vichwa vyote vikageukia pazia.

"Nani huyo?" akauliza Ghalib.

"Mama Nashwan. Haji amesema hastahili na mzigo umemzidi. Na ameapa. Tumshukuru kwa miaka tisa, tumpumzishe."

"Bibi, hiyo ni adabu tu! Anakataa kwa adabu!"

"Ghalib, mwanangu, yaani unasema Haji ameapa uongo ndani ya msikiti?"

"Sikusema hivyo!"

"Basi amesema kweli. Na kama amesema kweli, mzigo umemzidi. Mtu kama huyo unamtwisha tena kwa nini? Mzee wa watu amekukosea nini?"

Upande wa wanawake mtu alikohoa namna ile ambayo si kikohozi.

"Imamu!" Ghalib akalalamika. "Wanawake huzungumza mwishoni!"

Maskini imamu. Ijumaa ya juzi tu alilia mimbarini akitusimulia jinsi khalifa Sayyidna Umar alivyosahihishwa na mwanamke mbele ya watu msikitini, naye akakiri kwamba mwanamke kapata na Umar kakosea. Nilimkumbusha, kwa upole. "Au ile ilikuwa ya Ijumaa tu, imamu, Jumapili haifanyi kazi?"

Imamu alijikuna ndevu. "Haji," akasema, "je, ulimaanisha ulilosema?"

Sikuwahi kumwona mtu akibanwa vile na maneno yake mwenyewe. Akisema alimaanisha, ametoka. Akisema hakumaanisha, ameapa uongo na tena anataka cheo. Leso ilibaki mkononi, kavu.

"Nilimaanisha," akasema Haji, akakaa.

Hapo mambo yakaharibika vizuri. Mtu akamtaja Ghalib. Ghalib, kwa mazoea, akasema, "Mimi? Hata, sistahili," na kabla hajameza mate wanawake thelathini wakaitikia, "Tumekubali!" Akatajwa daktari wa meno. Akasema ana kazi nyingi. "Tumekubali!" Akatajwa mwenye mgahawa wa fahsa, mchuzi wetu wa nyama, akafungua kinywa, akakumbuka, akakifunga, akabaki ametoa macho kama samaki kwenye barafu. Kukataa kulikuwa kunakubaliwa. Kukubali kulikuwa aibu. Wanaume wenye shahada na maduka mawili mawili walikuwa wanaangalia mazulia.

Mwishowe mzee mmoja akasema, "Radman je?"

Radman ni fundi wa mabomba. Alikuwa amekaa karibu na viatu na buti zake za kazi pembeni, kwa sababu baridi ilikuwa imepasua mabomba mtaa mzima na simu yake haikutulia. Akainua kichwa. Hakukataa. Hakukubali.

"Kazi yenyewe ni nini?" akauliza.

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuuliza.

Hakuna aliyejua jibu isipokuwa mmoja. Haji Muqbil akajibu akiwa amekaa, bila kumtazama mtu. "Unaamka kabla ya alfajiri kuwasha tanuri la kupasha joto, maana likiwashwa kwa rimoti linazimika. Unaosha maiti wasio na jamaa. Ukiitwa hospitali unakwenda. Wakigombana mume na mke unakaa kati yao na wote wawili wanakutukana. Chumvi ya kuyeyusha barafu ya ngazi unanunua mwezi wa kumi, ikiwa bado rahisi." Akafikiri. "Na balbu. Balbu haziishi."

Niliona haya kidogo pale nyuma ya pazia. Nilizijua ngao zake zote, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa akimwaga chumvi kwenye ngazi zetu. Mtu anaweza kupenda kiti mno na bado akawa amefanya kazi. Hilo namwombea limhesabikie.

"Ni kazi nyingi," akasema Radman. "Tanuri nitaliweza. Maiti sijawahi. Nitashika kwa mwaka mmoja, Haji akinifundisha. Nikikosea mnitoe, msingoje mitatu."

"Nitakufundisha," Haji akasema, polepole.

Mikono ikainuka, mingi, hata yetu nyuma ya pazia. Imamu akahesabu yote, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahesabu upande mmoja.

"Basi," Radman akasema, bado akiwa karibu na viatu. "Wanawake mna neno? Maana naona leo mna maneno."

"Mlango wa ubavuni," nikasema. "Hajja Taqiyya yuko nje garini. Ngazi zimemshinda. Kinachomzuia ni kabati."

Hakuna aliyemtazama Haji, na ndivyo watu wanavyomtazama mtu wakiwa wengi. Nilidhani ataondoka. Badala yake alikuja upande wetu, akavua koti lake, akalitandaza kwenye zulia, akafungua kioo, akaanza kuzitoa ngao moja moja na kuzilaza juu ya koti. Ghalib akaenda kumsaidia. Ya chama cha wauza petroli ilikuwa nzito, wakaibeba wawili.

Kabati likasogezwa. Mlango ukakataa, maana rangi ya miaka sita ilikuwa imeugandisha. Radman akaleta patasi kutoka kwenye gari lake, na Haji akaweka bega. Ulipofunguka, baridi ikaingia na Taqiyya nyuma yake, ameshika mkono wa mkwewe, koti limemfunika hadi kidevuni.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Hapa ndipo?" akasema. "Muqbil, miaka yote hii nilidhani umeficha dhahabu."

"Karibu, Hajja," Haji akasema. Alikuwa anahema. "Samahani."

"Umechelewa, lakini umekuja. Nipishe."

Akasogea hadi kwenye kiti karibu na ukuta, akaelekea kibla, akaanza rakaa mbili za kuuamkia msikiti. Upande wa wanaume Ghalib alikuwa tayari amerudi na kusimama, anataka tujadili maegesho ya magari, na sauti yake ni kubwa kama anauza simu.

"Shh," Haji Muqbil akamwambia. "Keti. Kuna mtu anaswali."

Mkutano mzima ukanyamaza ukamngoja. Na Taqiyya, Mungu amzidishie umri, alipojua kwamba wanaume mia moja wanamsubiri, alirefusha sijda.