Maksai wa Gelvira

Askofu Kresensio aliandika kitabu cha kila kitu kilichopo, kuanzia malaika hadi viatu. Hapa kwetu ukingoni mwa mto Betis watu walimwita mtakatifu angali hai, na mimi sina ubishi. Yeye alisoma vitabu vya wazee akawa anasema, mimi shemasi wake nikawa naandika.

Sasa, Askofu hakusema jambo bila kuanza na "wengine husema". Wengine husema simba hulala macho wazi, wengine husema hivi, wengine vile. Ngozi ya kuandikia haipatikani ovyo, kondoo mzima hutoa kurasa chache tu. Nikawa nayaruka hayo maneno mawili. Niliona nafanya la maana.

Baridi ya mwaka ule iliua nyuki wote wa mjane Gelvira, aliyeishi kwa nta ya mishumaa ya kanisa. Akaja kuuliza afanye nini. Askofu alikuwa ameshazeeka, kumbukumbu zimemtoka, akafungua kitabu chake mwenyewe akamsomea: nyuki huzaliwa katika nyama ya ng'ombe aliyeuawa kwa marungu.

"Nina maksai mmoja tu, Baba," alisema Gelvira. "Ndiye anayenilimia."

"Imeandikwa, binti yangu."

"Haya. Kama imeandikwa."

Nilikuwa nimesimama palepale. Niliona aibu, nikachonga kalamu.

Gelvira alimuua maksai, akamfungia bandani, akangoja siku thelathini. Askofu alikwenda mwenyewe kufungua mlango. Walitoka nzi.

"Nao wana mabawa," nilisema.

"Shemasi, funga domo lako," alisema Gelvira, kisha akalia.

Nikakiri kwamba hata penye nyuki Askofu alisema "wengine husema" nami nikayaruka, huku nimeziba pua. Askofu hakunigombeza. Kesho yake alijitwika nira upande mmoja, mimi upande wa pili, na Gelvira akashika plau nyuma yetu.

"Baba, wewe unavuta vizuri," alisema. "Huyo mwenzako ndiye goigoi."

Mwisho wa mfuo wa kwanza Askofu alisimama akihema. "Maneno yale umeyaruka mara ngapi?"

"Kila mahali, Baba."

"Na kitabu kimeshanakiliwa miji mingapi?"

"Tisa. Juzi wameomba na watu wa Galia."

Askofu aligeuka na nira yake, nami nikageuka naye, tukaanza mfuo wa pili.