Deni la Maji la Mzee Bouziane

Matanga ya Mzee Bouziane yalipoanuliwa, mwanawe Kaddour hakungoja hata mikeka ikunjwe.

"Dada Yamna, Ijumaa baada ya alasiri tunagawana," alisema huku akitafuna mkate wa kifungua kinywa. "Mitende na zamu ya maji. Maji yangu yameshapata mnunuzi, na fundi wa nyumba yangu kule mjini Oujda ananingoja."

"Ijumaa hatugawani," alijibu Yamna, akikung'uta nguo yake makombo. "Marehemu ana deni."

Baba yao ndiye aliyemfanya Yamna wasii, ijapokuwa ni mwanamke, kwa kuwa alijua hasahau kitu. Siku tatu kabla hajafa alimshika mkono akamwambia: mwaka ule wa ukame niliazima maji ya jirani yetu, Bibi Tlaytmas, kiangazi kizima, sikuyarudisha. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Na pale Figuig, kijijini kwao jangwani, maji ni mali mbali na shamba. Mtu aweza kuwa na mitende mia asiwe na tone. Zamu ikishagawanywa na kuuzwa, hakuna tena wa kumdai.

"Maneno ya mgonjwa hayo!" Kaddour alicheka. "Juzi yake si alimwita paka kwa jina la shangazi?"

"Paka alimkosea. Deni hakulikosea."

Yamna akajitanda shuka lake jeupe, akaenda kwa mgawa maji, Mzee Bouamama, aliyekaa kando ya mfereji na ndoo yake. Ndani ya ndoo kilielea kibakuli cha shaba chenye tundu dogo chini. Kikijaa na kuzama, fungu moja la maji limekwisha.

"Nakumbuka vizuri, binti yangu," alisema bila kuondoa macho kwenye kibakuli. "Maji ya Tlaytmas yaliingia kwenu kiangazi chote. Lakini baba yako aliazima au alipewa, hilo mimi silijui. Mimi nafungua na kufunga tu."

Kwa hiyo alibaki Tlaytmas mwenyewe. Yamna alimkuta bustanini akikata makuti makavu. Mitende yake ilikuwa imekonda kama kuku wa maskini.

"Uje Ijumaa uape mbele ya watu kwamba yalikuwa mkopo, bibi yangu. Anayemdai maiti huapa."

"Mimi?" Bibi kizee aliweka mundu chini. "Niape juu ya kaburi la mtu kwa ajili ya maji? Bora mitende ife! Mama yangu hakuapa, na bibi yangu hakuapa."

"Lakini ni haki yako!"

"Ni haki yangu, na sili kiapo. Chukua hizi tende, nenda nyumbani."

Tende zilikuwa ndogo, ngumu kama kokoto. Yamna alizila zote njiani, moja moja, akiwaza. Alipofika kwake alikuwa ameshajua la kufanya.

Ijumaa wazee walikaa barazani pa msikiti. Kaddour alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, mnunuzi nyuma yake.

"Mdai hataki kuapa," alisema. "Basi, hakuna deni. Tugawane."

"Mimi nakiri deni," alisema Yamna. "Liandikwe juu ya fungu langu."

"Kukiri kwako kunakufunga wewe tu," imamu alimwambia kwa upole. "Na wewe una theluthi moja."

"Najua. Theluthi yangu irudi kwa Tlaytmas kiangazi hiki. Na mitende yangu isubiri." Mitende hiyo ndiyo iliyokuwa chakula chake. "Lakini kaka yangu anakana. Mrithi anayekana naye ana kiapo chake. Aape kwamba hajui deni lolote la baba. Akiapa, natia dole gumba tugawane sasa hivi."

Imamu aliitikia kwa kichwa. "Hiyo ndiyo sheria."

"Kumbe ni hilo tu!" Kaddour alinyanyua mkono. "Wallahi…"

Mwaka ule wa ukame alikuwa kijana wa miaka ishirini, na yeye ndiye ambaye baba alimtuma na jembe kugeuza maji ya mkopo ya Tlaytmas yaingie kwao. Yamna hakulijua hilo. Aliona tu mkono wa kaka yake ukining'inia hewani, na watu wakiutazama.

"Haya, maliza," alisema mnunuzi. "Jua linazama."

Kaddour aliteremsha mkono.

"Mpeni maji yake," alisema. "Yote. Hata fungu langu. Kiangazi hiki."

"Na mimi je?" mnunuzi aliruka.

"Wewe njoo wakati wa mavuno!" Kisha akamgeukia Yamna, meno yameumana. "Umefurahi sasa, mkaidi we? Nitalala kwenye hema Oujda."

"Nitakushonea hema," alisema Yamna.

Zamu ilipofika, alfajiri, Yamna alikwenda kufungua mfereji. Alimkuta Kaddour amemtangulia, suruali amekunja hadi magotini, akizibua tope upande wa Tlaytmas. Kaddour alisogea pembeni kumpisha yeye na jembe lake.