Vichwa Vitatu vya Methusela

Katika Ugogo yote hapakuwa na ukoo wa majoka mkubwa kama ule wa bwawa la Mlali, na anayebisha aje anibishie mimi. Walikuwa wanne. Na huyo wa nne alikuwa kenge aliyeoa pale, wakamhesabu kwa huruma tu.

Fahari ya ukoo ilikuwa Methusela, maana yeye peke yake alikuwa na vichwa vitatu. Cha kulia kilibatizwa na mwinjilisti, cha kushoto kilikataa katakata, na cha katikati kazi yake ilikuwa kula. Kwenye sherehe zote za ukoo alikaa mbele, akapewa vibuyu vitatu vya pombe, kila kichwa kibuyu chake, na hakuwahi kusema vimezidi.

Mwaka ule Waingereza walipokuja Kongwa kulima karanga, ikatoka amri: barabara ilimwe, na kila kichwa kipewe kipande chake.

"Kila kichwa?" Methusela akauliza.

"Kila kichwa," akajibu Shangazi Tabu, mkubwa wa ukoo. "Leo ndiyo utajua vibuyu vile vilikuwa vya nini."

Methusela hakucheka. Kipande kimoja angekimaliza asubuhi, jua likiwa bado changa, akawahi majini. Vipande vitatu vingemkuta mchana kweupe, na joka wa majini hachezi na jua la Ugogo. Mjomba wake alitoka kiangazi kwenda harusini kijiji cha Busi. Alirudi akiwa mkanda, kiunoni mwa bwana harusi.

"Nitasema ninacho kimoja tu," akasema. "Hivi viwili vikae chini ya maji, vinyamaze."

Kichwa cha kulia kikasema uongo ni dhambi.

"Basi kalime wewe, mtakatifu," kikasema cha kushoto.

Mtakatifu akafikiri kidogo, akazama mwenyewe.

Jumbe Chilongani akafika kuhesabu vichwa, na kaptula yake ya kaki na fimbo yake. Tabu na wengine, waliokwisha kuhesabiwa, walijificha kwenye matete ya ng'ambo wasikilize. Methusela akatoa kichwa cha katikati, amekipaka tope kionekane kinaumwa.

"Nasikia una vichwa vitatu," akasema jumbe.

"Nani kasema, baba? Walioniona walikuwa wamelewa. Mlevi hata mwezi anauona miwili."

"Na haya mapovu?"

"Tumbo, baba. Nimekula maharage."

"Mapovu yako kulia na kushoto, Methusela."

"Ndiyo. Maharage yalikuwa mengi."

Jumbe akayatazama maji. Akakohoa. "Haya. Kichwa kimoja, kipande kimoja."

Methusela akashusha pumzi hadi mkiani. Jumbe akageuka aende zake, kisha akakumbuka kuwa hajaaga. Akarudi ukingoni, akavua kofia, akayainamia mapovu. Hakusema "mbukwa", ile salamu ya mtu mmoja. Alisema ile ya wengi, polepole, kama anavyosalimu wakwe:

"Mbukwenyi, wazee wangu."

Na Mgogo, awe na magamba au asiwe nayo, salamu ya heshima namna hiyo haiwezi kumpita akakaa kimya.

Maji ya kulia yakafunguka. "Mbukwa, baba, na Bwana asifiwe!"

Ya kushoto yakafunguka pia. "Mbukwa! Ng'ombe hawajambo huko?"