Mwanasesere wa Chumba cha Sampuli

Kengele ya asubuhi ilipolia, wanawake wa laini ya mashati walikuwa wameshakaa, miguu juu ya pedali. Kazi ilipita mbele yao mkono kwa mkono. Wa kwanza alishona kola, wa pili mabega, wa tatu mfuko, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa laini, ambako shati lilitoka likiwa zima bila mtu yeyote kulishona.

Mmoja wao alishona mkono wa kushoto. Alianza kazi hiyo kabla hajaolewa, akaendelea nayo alipozaa, na akawa bado anaifanya mumewe alipokwenda kutafuta maisha mbali na taratibu akageuka kuwa sauti ya simu. Wenzake walimwita Kushoto. Aliyekaa ubavuni mwake alishona mkono wa kulia, naye akaitwa Kulia. Kulia alipenda kusema kwamba wao wawili wakiunganishwa ni nusu mtu, maana bado tumbo.

Kushoto alikuwa na binti wa miaka sita. Shule ilifungwa saa kumi, kiwanda kilifungwa saa kumi na mbili. Katikati ya saa hizo mbili mtoto alikaa kwenye kibanda cha mlinzi wa shule, akisikiliza mpira redioni, akila karanga za mlinzi. Mama alimkuta giza limeshaingia, kichwa kimelalia begi. Nyumbani alimla kwa macho kwa muda wa kumwogesha tu, kisha usingizi ukamchukua mtoto.

Mlinzi hakuwa na kinyongo. Alimwambia Kushoto kwamba mtoto amezoea kibanda mpaka juzi, mwalimu mkuu alipopita getini, mtoto ndiye aliyemsimamisha na kumuuliza anakwenda kumwona nani.

Kiwandani palikuwa na kiti kimoja tu ambacho mtu alikiacha saa kumi. Kilikuwa katika chumba cha sampuli, karibu na dirisha. Huko mtu mmoja alishona shati zima, la kwanza, ambalo laini nzima ililiiga. Rangi za sampuli hupimwa kwa mwanga wa jua, kwa hiyo jua likianza kulegea chumba kilifungwa. Mama mtu mzima aliyekaa hapo, waliyemwita Bibi Sampuli, alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Meneja alitangaza kwamba kiti atapewa atakayeleta kitu kimoja alichokishona mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, bila mkono wa mtu mwingine kukigusa.

Kushoto alikitaka kiti kile kwa sababu ya saa kumi. Hakuwa na sababu ya pili.

Hakuwa na kitambaa cha kushonea shati. Alichokuwa nacho ni mfuko wa mabaki, ambao kila mfanyakazi aliruhusiwa kuubeba Ijumaa, la sivyo mabaki yalichomwa moto. Vipande vilikuwa vidogo kama kiganja. Kwa vipande vya ukubwa huo unaweza kutengeneza mtu, ila mtu mdogo. Basi akajiwekea sharti: kila Jumapili mwanasesere mmoja, mpaka mwaka uishe. Kulia alimuuliza kwa nini asianze na mto, ambao hata mlevi anaweza kuushona.

"Mto hauna bega," Kushoto alijibu.

Mwanasesere wa kwanza alimkata juu ya meza ya kulia chakula. Alimshona kwa ndani, akaacha tobo chini ya mbavu, akamgeuza kupitia hapo, akamjaza pamba ya godoro bovu, akaliziba tobo kwa sindano. Alipomaliza alimsimamisha mbele ya mtoto. Mtoto alimtazama kwa haki.

"Huyu atapigaje makofi?" aliuliza.

Ndipo Kushoto alipoona kwamba mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Asubuhi walimkuta mwanasesere amelala chali palepale alipolazwa. Kichwa kilikuwa kimelegea na miguu imelala kama soksi, lakini mikono yake miwili ilikuwa imevuta sweta la mtoto na inakaza kifungo kilichokuwa kinaning'inia. Kushoto alisogeza kikombe cha chai ili kisimwagike, akasubiri mikono imalize, akamvisha mtoto sweta.

Ikawa hivyo kwa waliofuata. Kila Jumapili alikata mkono wa kulia kwa uangalifu, akauchora kwa chaki, akauwekea alama, na kila alipoufikisha kwenye cherehani vidole vyake viliugeuza, kama mguu unavyokata kona ya nyumbani bila kuuliza. Kabla ya msimu wa mvua rafu ilikuwa imejaa watu waliolegea wenye mikono ya kushoto iliyo hai. Mtoto aliwagawia kazi. Mmoja alishika kioo, mmoja alifunua kurasa za kitabu, wawili walisokota uzi. Mmoja alipenda kushika sikio la mtoto alipokuwa anasinzia, akaachiwa kazi hiyo.

Kulia alikuja kuwatembelea, akasalimiana nao mmoja mmoja, akalazimika kutumia mkono wa kushoto.

"Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana," alisema. "Wewe shoga yangu umewasikia, ila umeleta yote ya upande mmoja."

Wiki iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, wakabadilishana viti. Kushoto alikuwa ameshona mkono wa kulia mpaka karibu na kwapa pale msimamizi wa laini alipotokea. Walimwita msimamizi huyo Dakika, kwa sababu mtu akiomba kwenda chooni yeye hakujibu ndiyo wala hapana, alitaja dakika. Dakika hakufoka. Aliwarudisha kila mmoja kwenye kiti chake na kuwakumbusha kwamba kila mtu ana mkono wake.

Kwa hiyo Kulia akawa anafundisha Jumapili nyumbani. Kwa kuwa sharti la meneja lilikataza mkono wa mtu mwingine, alikaa nyuma ya Kushoto akiwa amevikalia viganja vyake mwenyewe, akifundisha kwa mdomo. Alisema vuta, legeza, sasa zunguka, we mama hivi hilo ni bega au ni mlima? Mara kadhaa alimwita majina ambayo mtoto alitolewa nje asiyasikie.

Mkono wa kwanza wa kulia ulipokamilika ulikaa kimya siku nzima. Jioni ulijinyoosha, ukagusa wa kushoto, ukafuata ulichokuwa unafanya. Mtoto akamwomba mwanasesere apige makofi, naye akapiga.

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa utaratibu unaoeleweka. Alichokijua Kushoto kiliishi, alichokibahatisha kilibaki kitambaa. Alipokiweza kiuno, wanasesere wakaanza kukaa. Alipoiweza miguu walitembea, ingawa wa mwanzo walizunguka meza tu kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umezidi kwa upana wa uzi. Shingo ilimtesa kuliko vyote. Alimpelekea Bibi Sampuli mwanasesere mmoja ndani ya mfuko wa chakula. Bibi Sampuli alimgeuza, akabonyeza koo lake kwa kidole gumba, akasema amekabwa, aongezewe nafasi. Kisha akaendelea kula. Jumapili ile mwanasesere mpya aliitikia kwa kichwa kila alichoambiwa, hata yasiyomhusu.

Mwaka ulipokaribia kwisha Kushoto alianza yule wa mwisho. Alitaka awe na ukubwa wa mtu, ili ndani yake kuwe na kila mshono wa shati na zaidi. Mwili pekee aliokuwa nao wa kupimia ulikuwa wake mwenyewe, kwa hiyo alijipima. Aliunganisha vipande vya kila shati lililowahi kupita kiwandani: mistari ya wahudumu wa hoteli, buluu ya wanafunzi, nyeupe ya hospitali, kijani cha walinzi. Uso aliushona kwa nyuzi tatu, akiutazama wake kwenye kioo. Jumapili ya mwisho aliziba tobo la ubavuni, akakata uzi kwa meno.

Mwanasesere alikaa kitako, akajifunga vifungo vya shati, akauliza mtoto hutoka shuleni saa ngapi.

"Saa kumi," Kushoto alisema.

Mtoto, ambaye alikuwa na akili ya kupanga ukoo, alimtazama mama yake, akamtazama mgeni, akaamua kumwita Mama Mdogo. Wakala pamoja, yaani wao wakala na Mama Mdogo akapitisha chumvi.

Siku ya kuonyesha kazi wakaenda kiwandani wawili. Getini Mama Mdogo alipewa kitambulisho cha mgeni, akakibandika mahali panapotakiwa. Wengine walikuja na mashati. Mkata vitambaa alileta suruali, na mtu wa kola alileta kitu ambacho kilikuwa kola tupu kuanzia juu hadi chini. Meneja alikagua vyote kwa adabu. Alipomfikia Mama Mdogo alivaa miwani. Alivuta kwapa, hapakufunguka. Alifunua pindo, hapakuwa na uzi uliozidi. Alimwomba ainame, akainama. Mwishowe alimkalisha kwenye cherehani ya dirishani na kumpa kitambaa, na Mama Mdogo akashona shati zima, kola, mabega, mfuko na mikono yote miwili. Alilikunja, akalirudisha. Bibi Sampuli alilitazama kwenye mwanga, akachukua mkoba wake na miwani yake, akaaga.

Meneja akamgeukia Kushoto.

"Huwa anaumwa?"

"Bado."

"Anakula?"

"Hapana."

"Ana mtoto?"

"Mtoto ni wangu," alisema.

"Basi," meneja akasema, akaagiza Mama Mdogo apewe kitambulisho cha kudumu.

Kushoto alisema kwamba yeye ndiye aliyemshona, tangu mwanzo hadi mwisho. Meneja alikubali, tena alimpongeza mbele ya watu wote.

"Ndiyo maana tunakuhitaji palepale ulipo," alisema. "Hapa hakuna anayeshona mkono wa kushoto kama wewe."

Watu walipiga makofi. Dakika aliwarudisha kazini. Mchana Kulia alimmegea Kushoto nusu ya chakula chake. Kisha neno likamtoka.

"Wengine wanazaa watoto. Wewe mwenzetu umejizalia bosi."

Kushoto alicheka mpaka akapaliwa, Kulia akampiga mgongoni.

Chumba cha sampuli kiliendelea kufungwa saa kumi, kwa sababu sheria ilikuwa ya jua. Mama Mdogo alifunika cherehani, akapita kando ya laini, akatoka getini na kwenda shuleni. Mlinzi wa shule alimkabidhi mtoto bila maswali, maana uso aliufahamu. Aliuliza tu sasa redio asikilize na nani. Kuanzia siku hiyo mtoto alirudi nyumbani kukiwa bado kuna mwanga, akacheza uwanjani na wenzake, akaoga mapema, akaongezeka uzito kidogo. Kushoto alipofika saa moja alimkuta ameshakula, bado yuko macho, ana maneno mengi. Alishukuru. Hakuwa mtu wa kukufuru.

Kila jioni, mtoto akilala, Mama Mdogo alimweleza yote: nani alianguka, nani alimnyima nani kalamu, mtoto aliuliza nini njiani na alijibiwa nini. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Wakati mwingine Kushoto alimwomba arudie kipande fulani, naye alikirudia kwa sauti ileile.

Mwaka mpya Kulia alianza kumshona mwanasesere wa kwake. Na yule wa mfuko pia, na yule wa kola. Ijumaa mabaki hayakuchomwa tena kwa sababu hayakubaki.

Jumapili moja mtoto alisema anataka kumwonyesha mama njia ya shule. Kushoto alikuwa anaifahamu njia hiyo gizani tu. Mchana ilikuwa ndefu zaidi, ina rangi, ina ukuta wenye picha ya meno. Mama Mdogo alibaki nyumbani akipiga pasi. Walipofika barabara kubwa Kushoto alitazama huku na huku, akamshika mtoto mkono, akataka kuvuka.

"Siyo hapo, mama," mtoto alimwambia kwa upole. "Sisi huwa tunavukia kwa fundi baiskeli."

Wakaenda mpaka kwa fundi baiskeli. Fundi alikuwa amechuchumaa na gurudumu mapajani. Alimsalimia mtoto kwa jina la utani ambalo Kushoto alikuwa hajawahi kulisikia, kisha akauliza leo amekuja na nani.

"Huyu ni mama," mtoto alisema. "Huwa yuko kazini."

Fundi alisimama. Alijifuta grisi kwenye suruali, akampa Kushoto mkono, akasema amefurahi kumfahamu, maana yule mdogo wake, kila akipita hapa na mtoto, humsifu sana dada yake. Kushoto akaupokea mkono, akashukuru. Gari likapita, na mtoto akasema sasa, wakavuka.